Taswira ya Diski ya Mjomba

Mwishoni mwa mwaka 2019, Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba itaacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini kompyuta ya mjomba wangu huko Ngamiani, Tanga, ilikuwa bado inaendeshwa na mfumo huohuo, na mwenyewe hakuwa na haja ya mwingine. Humo ndimo zilimokuwa hesabu zote za chama chao cha kufa na kuzikana: nani katoa mchango, nani anadaiwa, familia ipi imepewa rambirambi na ya kiasi gani. Hesabu hizo zilifunguka kwa programu moja tu, iliyowekwa miaka mingi nyuma na kijana ambaye baadaye alihamia Muscat, na CD yake pamoja na karatasi yenye namba za leseni hazikujulikana zilipo.

Nilipokwenda kuwatembelea, nilikuta diski ya kompyuta ile imeanza kugonga. Ingenyamaza kwa muda, kisha mgongano wa chuma ungesikika tena ukilia kwa ndani, na kila kitu kwenye skrini kingeganda mpaka kelele ikome. Nikazisoma takwimu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake, nikaona kwamba zimo sekta, yaani vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zilizokuwa zikisubiri hukumu, maana yake diski imejaribu kuzisoma ikashindwa na haijaamua bado kama ziachwe au la. Jioni idadi yake ilikuwa imepanda kuliko asubuhi, na hapo sikuona sababu ya kungoja.

Mjomba hakushtuka. "Mpwa wangu, mbona kila mwezi nalinakili lile folda kwenye flashi?" aliniuliza. "Si hesabu zote zimo?"

"Zimo, mjomba," nilimjibu, "ila siku diski hii ikifa, utazifungua kwa kitu gani?"

Alinyamaza kidogo, akaelewa. Programu ya aina ile haikai mahali pamoja. Husambaza faili zake ndani ya mfumo na kuandika leseni yake kwenye rejista ya Windows, daftari la ndani ambamo mfumo huweka mipangilio yake, kwa hiyo anayenakili folda huondoka na daftari bila ya msomaji wake. Kilichohitajika ni taswira ya diski nzima, yaani nakala inayochukua sehemu zote za diski pamoja na jedwali la mgawanyo wake na ile sekta ya mwanzo inayoiwasha kompyuta, vyote jinsi vilivyo, ili siku ya kurudishwa kwenye diski nyingine mashine isijue kwamba kuna kilichobadilika.

Nilitumia Clonezilla, programu ya bure inayotengenezwa Taiwan, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi bila kuigusa Windows. Kabla ya hapo nilimwomba mjomba aongeze umeme wa Luku, kisha nikaazima UPS, kifaa chenye betri cha kushikilia umeme unapokatika, kwenye duka la vifaa vya ofisi lililo jirani, kwa sababu kompyuta ya mezani haina betri na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo huna budi kuanza upya. Nilihakikisha pia kwamba Windows imezimwa kwa utaratibu wake, maana ikizimwa vibaya sehemu ya NTFS, yaani ile iliyopangwa kwa mtindo ambao Windows huhifadhia faili zake, hubaki na alama ya kutokamilika na Clonezilla huikataa. Menyu ya kwanza ilikuwa ya kuchagua lugha. Mjomba aliipitia yote, akauliza kwa nini Kiswahili hakimo, nami sikuwa na la kumjibu.

Palipotaka utulivu ni kwenye kuchagua diski. Programu haisemi "ya mjomba" wala "ya mgeni". Inasema sda na sdb, na ukizibadilisha wakati wa kurudisha taswira utafuta ulichotaka kukiokoa. Nilizitambua kwa ukubwa: ya mjomba gigabaiti 500, yangu ya nje, niliyotaka kuiwekea taswira, terabaiti moja. Kazi ikaanza vizuri, asilimia ikipanda, kisha ikasimama kwa kosa la kusoma. Nikarudi kwenye menyu ya wataalamu na kuwasha chaguo la uokoaji, ambalo huiruhusu programu kuzivuka sekta zisizosomeka na kuendelea mbele. Safari hiyo ilifika mwisho. Kwa kuwa Clonezilla husoma maeneo yenye data tu na kuyabana, gigabaiti zipatazo 90 zilizokuwa zimejaa zilitoka zikiwa folda dogo zaidi, lenye vipande vyenye mikia ya aa, ab, ac na kuendelea.

Watu wengi huishia hapo wakaweka diski kabatini, na mimi naona hiyo ni nusu ya kazi, hasa taswira inapokuwa imeruka sekta ambazo hujui zilikuwa na nini. Tulikwenda mjini kutafuta diski mpya. Muuzaji alitushauri tuchukue SSD, diski isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 480, akisema inakwenda kasi na data yetu haifiki hata robo yake. Ushauri wake haukuwa mbaya, lakini Clonezilla hutaka diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ile ya asili, hata kama nafasi kubwa ni tupu. Tukanunua ya terabaiti moja, ya kawaida.

Kurudisha taswira kulichukua muda mrefu kuliko kuichukua. Programu ilituuliza mara mbili kama tuna hakika, na mara zote mbili mjomba alitaka kubonyeza herufi y yeye mwenyewe. Windows ikawaka na picha yake ileile ya ukutani, na programu ya hesabu ikafunguka bila kudai namba yoyote. Mjomba hakuridhika na hilo. Alichukua daftari la mkono la mweka hazina, akalinganisha mwezi kwa mwezi mpaka miwani ikamchosha, na hesabu zikakubaliana.

Nilimwambia asiache kunakili folda kwenye flashi kila mwezi, kwani taswira husimama kwenye siku ile iliyopigwa na haijui michango inayoingia baadaye. Diski ya nje nilipendekeza ikae kwa katibu wa chama, Chumbageni, ili mwizi au moto usivikute vyote nyumba moja. Mjomba alikubali kwa sharti kwamba katibu asiichomeke kamwe kwenye kompyuta ya wanawe, ambayo kwa maneno yake ilikuwa na virusi vya kila kabila.