Kima punju hapigi pozi

Kazi yangu ni picha za harusi. Mwaka wa saba sasa nazunguka kumbi za Mjini, namwambia bibi harusi ainue kidevu, namwambia bwana harusi ashushe bega, na wote wananisikiliza kwa sababu wamelipa. Siku ya kwanza niliyokwenda Jozani kuwapiga picha kima punju nilirudi na picha 412, na hata moja isingefaa kumpa mteja.

Kwa wasiopajua, Jozani ni msitu wa Unguja, kilomita kama 35 kutoka Mjini, na tangu 2004 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ukipanda gari ya Makunduchi unashuka mlangoni. Kima punju kwao ni kisiwa hiki. Wachache walihamishiwa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970, basi. Mgongo wake una rangi ya kutu, uso mweusi, na nywele nyeupe zimesimama kuuzunguka uso kama za mzee aliyeamshwa usingizini. Punju maana yake ni sumu. Wazee walisema mbwa akimla huyu kima hunyonyoka manyoya, na hiyo labda ndiyo iliyomsaidia asiliwe.

Nilikwenda kwa ubishi. Rafiki yangu aliniambia mpiga picha wa harusi hawezi kupiga kitu kisichomsubiri. Nikaazima kwake huyo huyo lenzi ya milimita 55-250, ya kuvuta vya mbali, nikaichomeka kwenye Canon yangu ya siku zote, nikaondoka alfajiri.

Balaa la kwanza lilikuwa dogo na la kijinga. Kamera ililala studio, na studio ina kiyoyozi. Saa moja na nusu asubuhi naingia msituni, joto na unyevu tayari umeshatanda, nafungua begi, natoa kamera: kioo kizima kimefanya ukungu. Nafuta, unarudi. Nafuta, unarudi. Na juu yangu kundi zima la kima linaruka kutoka mti hadi mti kama linapita kwenye mlango wa ukumbi. Dakika ishirini nilikuwa nashika kitambaa. Siku hizi begi linalala nje ya chumba cha kiyoyozi usiku kucha, na nikisahau, silifungui mpaka nihisi limepata joto la nje.

Mtembezaji aliyekuwa na mimi, kijana mpole, akaniliwaza. "Yakhe, usikonde. Walipohesabiwa kisiwa kizima walipatikana zaidi ya 5,800. Wako hutamkosa."

Ukungu ulipoisha ndipo makosa yenyewe yakaanza. Harusini nina flashi, kwa hiyo nimezoea shata 1/60, yaani kamera inafunguka sehemu moja ya sitini ya sekunde, na picha inatoka imetulia, kwa sababu flashi ndiyo inayomgandisha mtu. Msituni flashi sikuitumia, wanyama hawastahili kumulikwa machoni. Lakini mkono wangu uliendelea na mazoea yake. Lenzi ya 250 kwa 1/60 ni kutafuta aibu. Hesabu ya mafundi ni rahisi: chukua milimita za lenzi, zidisha kwa 1.6 kwa kamera za sensa ndogo kama yangu, unapata 400, basi usishuke chini ya 1/400 kama unashika kwa mkono. Na hiyo ni kwa kima aliyekaa. Anayeruka anataka zaidi. Mimi nilikuwa nakimbia chini ya miti, nimeinua shingo, nabonyeza. Nilipozikuza picha kwenye kompyuta jioni, kila kima alikuwa na macho manne.

Zile chache zisizotikisika zilikuwa na ugonjwa mwingine. Kima juu ya tawi, nyuma yake mbingu nyeupe: kamera inaona mwanga mwingi, inajibana, na mnyama anatoka mweusi tii kama kivuli cha ukutani. Akishuka kwenye kivuli cha msitu, kinyume chake: kamera inaona giza tupu, inafungua, na zile nywele nyeupe zinaungua, hazina tena unywele mmoja unaoonekana. Jua la saa tano lilipopenya kwenye majani ndiyo likaharibu kabisa, madoa ya mwanga mgongoni, doa usoni, doa kwenye jani, kama shuka lililomwagiwa jiki.

Na siafu. Nilipiga goti mahali pamoja kwa muda mrefu kidogo, na ngoma niliyoicheza baada ya hapo sijawahi kuicheza harusi yoyote. Kima walinyamaza wote wakanitazama. Sikuwa na mkono wa kushika kamera.

Jioni, katikati ya kufuta picha, nikasimama kwenye moja. Uso mweusi katikati ya nywele nyeupe. Nikasema, lakini huyu si bibi harusi na bwana harusi katika fremu moja? Shela jeupe na suti nyeusi! Hilo tatizo nimelihangaikia miaka saba. Kila mpiga harusi anajua: hupimi suti, unapima shela. Shela likiungua halirudi, suti ikiwa nyeusi kidogo unaivuta baadaye ukiwa umepiga RAW, faili ghafi la kamera. Na kila mpiga harusi anajua kwamba jua kali la mchana humpeleki bibi harusi nje; unasubiri wingu, au unatandaza kitambaa cheupe juu yake mwanga ulainike. Nilikuwa nayajua yote haya. Nilipovuka geti la hifadhi niliyaacha nje kama viatu.

Nikasubiri vuli. Mwezi wa kumi na moja, siku ya mawingu mazito baada ya mvua ya usiku, nikarudi na mtembezaji yule yule. Safari hii nikamwomba asinipeleke ndani msituni bali pembeni, upande wa mashamba, ambako makundi yamezoea watu na yanashuka chini kula majani machanga ya mikungu, ile miti ya kungu, na miembe.

Ukingoni hapo kuna bi mkubwa mmoja ana shamba. Tukamwamkia, akatujibu, akaniona navyozungukazunguka na lenzi.

"Mwanangu, hebu kaa kitako. Kima hafukuzwi kama kuku."

Nikakaa. Kukaa kwenyewe kulibadilisha picha kuliko kitu chochote nilichokwisha kununua. Kwanza, kamera yangu ilikuwa sasa urefu wa kifua cha kima aliyekaa chini, namwona machoni badala ya kumwona matumbo. Pili, nyuma yake haikuwa mbingu tena bali migomba iliyo mbali, na kwa f/5.6, tundu la lenzi likiwa wazi, ile migomba ikayeyuka ikawa kijani tu. Tatu, huyu mnyama tumbo lake lina vyumba vya kuchachusha majani, kwa hiyo akishakula lazima apumzike sana. Ukikaa unamkuta kwenye mapumziko yake. Ukikimbia unamkuta akikukimbia.

Nilikaa kama saa nzima. Bi mkubwa alikuwa akinihesabia hasara zake: vidaka vya minazi wanavyovichuma na kuvitupa hata kabla havijawa dafu. Watafiti waliolipima jambo hili miaka ya 1990 waliona kwamba minazi inayochumwa vidaka na kima haikupungukiwa mavuno, maana mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi, na kima ni kama wanaupunguzia mzigo. Nilikuwa nimeyasoma hayo usiku wa kuamkia jana yake. Sikuthubutu kumwambia. Nani mimi, na mnazi si wangu?

Kisha wakaja. Watatu, mmoja mkubwa. Nyuma ya jiko la nje la bi mkubwa kulikuwa na majivu na vipande vya makaa vilivyobaki. Yule mkubwa alishuka kwenye mkungu, akatembea kwa miguu minne kama mtu anayepita msikitini asiwaamshe waliolala, akafika kwenye majivu akakaa. Inasemekana wanakula makaa kwa sababu majani ya mikungu na miembe yana vitu vinavyolidhuru tumbo, na makaa yanavinyonya. Wanajifunza mmoja kwa mwingine, mtoto kwa mama. Nilijua, ila kulisoma ni kimoja na kulisikia ni kingine: aliliuma kaa likalia kacha, kacha, kama mtu anayekula kashata.

Shata 1/500, f/5.6, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600. Nilipima zile nywele nyeupe zisiungue. Nukta ya fokasi kwenye jicho la karibu. Mkono wake ulikuwa mbele kabisa, vidole vinne virefu vimelikunja lile kaa kama ndoano, mahali pa dole gumba hakuna kitu, na unga mweusi umemganda kwenye midomo. Nikasahau nilipo. Nikatoa ulimi nikafanya "kss, kss," kama ninavyowaita watoto wa harusini watazame kamera.

Mtembezaji akanishika bega. "Usimwite. Na umbali ni huo huo, usisogee."

Alikuwa na haki. Kima mwenyewe hakunijali. Aliinua uso kwa hiari yake, jani moja la mgomba likatikisika mbali nyuma yake, akatazama mahali fulani juu ya kichwa changu. Nikabonyeza mara tano. Kisha akachukua kipande kingine akapanda nacho mtini, anakula huko huko, unga unamdondokea aliye chini yake.

Siku hiyo nilipiga picha 38. Tatu ni nzuri. Ile ya mkono nimeichapa kubwa iko studio ukutani, katikati ya maharusi, na wateja wananiuliza kama nimeoa huko Jozani.

Nilichapa nakala nyingine ndogo nikampelekea bi mkubwa. Aliifuta kwa upindo wa khanga kana kwamba ina vumbi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Mimi nasubiri kusifiwa.

"Eeh," akasema. "Ndiye huyu. Huyu ndiye anayenimalizia vidaka vyangu."