Barua pepe za ofisini bila kununua kikoa

Ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini Kilindini ina watu sita. Bosi alitaka hati zipite baina yetu hata intaneti ikikatika, na kikoa, yaani jina la kulipiwa kwenye intaneti, hakutaka kukilipia.

Nikachukua kompyuta kuukuu, nikaiwekea Debian (mfumo endeshi wa bure), kisha Postfix ya kusafirisha barua na Dovecot ya kuzisomea. Mwanzo niliipa jina ofisi.local. Nilikosea. Mwisho huo wa .local hutumiwa na vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao wa ndani, basi kompyuta mbili zikawa haziioni seva, yaani ile kompyuta kuukuu, kabisa. Siku nzima ilipotea hapo! Nikahamia ofisi.home.arpa. Jina home.arpa lilitengwa mwaka 2018 kwa mitandao ya majumbani, haliuzwi kwa mtu, kwa hivyo haligongani na kikoa cha mwingine.

Kwenye main.cf, faili la mipangilio ya Postfix, mstari wa mydestination unaotaja majina ambayo seva huyapokelea barua, nikaliandika jina hilo, na kwenye ruta nikalielekeza kwa 192.168.1.10, anwani ya seva kwenye mtandao wetu wa ndani. Dada wa mapokezi ndiye aliyejaribu kwanza. Alituma hati ya kontena, ikamfikia karani wa meza ya dirishani kabla chai yake haijapoa. Nilifurahi mno.

Barua za wateja bado twatuma kwa Gmail. Seva nyingi za nje hukataa barua ya mtumaji ambaye kikoa chake hakipatikani kwenye DNS (orodha ya majina ya intaneti na anwani zake), na mteja hata akitaka kujibu hana pa kujibia. Bosi nimemweleza wazi: siku tukitaka kuwaandikia kwa jina letu, itabidi tununue kikoa cha .co.ke.