Siku yangu ya kazi: naandaa watu wa skii hapa Mombasa

Saa kumi na mbili asubuhi niko Tudor, kwenye mteremko unaoshuka hadi majini, pamoja na mume na mke wenye duka la vipuri Mwembe Tayari. Mwezi ujao wanakwenda Mayrhofen, Austria, kuteleza kwenye theluji. Mimi nilifanya kazi huko misimu kadhaa nikifundisha wanaoanza, na sasa nawaandaa watu wa nyumbani. Wengi huuliza, Mombasa na theluji wapi na wapi? Huwajibu kwamba Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika skii ya kuteremka kwenye Olimpiki ya Pyeongchang 2018, alizaliwa hapo Kilifi.

Leo tunarudia jambo moja tu: mwili uelekee bondeni. Penye mteremko mkali hofu humvuta mtu nyuma, akaegemea mlima. Hapo ncha za skii, zile mbao ndefu za miguuni, hukosa uzito, hazigeuki tena, na kasi inaongezeka bila yeye kutaka. Kwa hiyo miundi ikandamize ulimi wa kiatu, mikono ibaki mbele unapoiona, na kifua kitazame chini hata miguu inapogeuka.

Nimempa Bi mkubwa leso aishike pembe mbili mbele yake, imekazwa, ikitazama maji. Anateremka akigeuza miguu kushoto na kulia. Kila akipata wasiwasi, leso inageuka pamoja na miguu.

"Mwalimu, inanikimbia!"

"Iache itazame bahari, mama. Miguu ndiyo ifanye kazi."

Mara ya nne au ya tano leso ikatulia, na magoti yake yakaanza kugeuka yenyewe chini ya nyonga. Hapo ndipo nilipofurahi kweli, kwa sababu jambo hilo likishaingia mwilini, theluji hailitoi.

Saa tatu, mahamri na mbaazi, kisha tuktuk hadi jimu.

Saa nne ni mapaja. Kuteremka kunachosha kuliko watu wanavyodhani: misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku ikirefuka, ikizuia uzito wote. Basi tunashuka ngazi polepole, hatua moja kwa kuhesabu hadi nne, halafu tunakaa "kiti" ukutani bila kiti. Kaskazi inavuma lakini jasho halikauki. Bwana analalamika, nami simhurumii. Miguu iliyochoka ndiyo huangusha watu jioni.

Saa nane mchana, karatasi. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Austria, inadai bima ya angalau yuro 30,000, lakini bima nyingi za kawaida za safari haziihesabu skii mpaka uiongeze. Hili nalikagua mwenyewe, mstari kwa mstari. Nawakumbusha pia wasijikweze dukani wanapokodi vifaa. Kifungio kinachoshika kiatu kwenye skii hupimwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na uwezo wa mtu. Ukijidai fundi, kitakazwa mno, na ukianguka hakitaachia. Goti ndilo litakaloteguka.

Saa kumi, huko Austria ni saa nane. Kijana wangu mwingine, aliyeko Mayrhofen tayari, ananipigia. Anataka kushuka Harakiri. Njia hiyo ina mwinamo wa asilimia 78: ukisogea mita 100 mbele, umeshuka mita 78. Ananitumia video, nami naona anasukuma visigino kando ili apunguze mwendo. Sivyo: kasi hupunguzwa kwa kuimaliza kona, uzito ukiwa kwenye skii ya upande wa nje wa kona, mpaka skii zimeukingama mteremko kabisa.

"Kesho usiende Harakiri," namwambia. "Nenda njia nyekundu, ile ya ugumu wa kati. Simama kiubavu, legeza ukingo wa skii, teleza mita kumi, kaza, simama. Pande zote mbili. Ukiweza hivyo bila kutikisika, popote utakapokwama utajishusha mwenyewe."

"Sawa, mwalimu. Nikisimama, nikae wapi?"

"Pembeni, unapoonekana kutoka juu, kamwe si katikati. Na aliye mbele yako ana haki ya njia; wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa."

Amekubali. Nimemwomba video nyingine kesho, ipigwe kutoka ubavuni na si nyuma, nione kama miundi inagusa kiatu. Harakiri tutaizungumza baada ya hapo.