Siku Mota ya Winchi Ilipoungua Kamba Ikiwa Imekaza

Gari tulilokuwa tukilitumia lilikuwa foo-wili ya zamani yenye winchi ya umeme ya volti 12, yaani mashine ya kuvutia gari kwa kamba inayojikunja kwenye ngoma, iliyofungwa ndani ya bampa la mbele na kuandikwa ubavuni kwamba inavuta pauni 9,500, yaani kilo 4,300 hivi. Maandishi hayo huwapoteza wengi, kwa sababu ni nguvu ya mzingo wa kwanza tu, ule unaogusa ngoma yenyewe. Kila mzingo unaolala juu ya mwingine huinenepesha ngoma, na kadiri inavyonenepa ndivyo mota inavyolazimika kutumia nguvu zaidi kwa mzigo uleule. Siku ile mti pekee wa kufungia kamba ulikuwa karibu mno na gari, kwa hiyo sehemu kubwa ya kamba ilibaki imejikunja kwenye ngoma, na kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, ambalo lingetugawia mzigo nusu kwa nusu lilikuwa ndani ya gari la wenzetu waliotangulia. Sisi tulikuwa tumezama kwenye tope hadi ekseli zikalala juu ya udongo.

Rimoti aliishika mwenzangu mmoja aliyenizidi umri na uzoefu, ambaye sote tulimwita Mzee. Nasisitiza uzoefu wake kwa sababu baadaye walitokea watu wa kusema kwamba mota iliungua kwa pupa, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni, mbali na mstari wa kamba, niliona kinyume chake. Alivuta kwa vipindi vifupi visivyofika dakika moja, kisha akaachia na kusubiri huku injini ikinguruma ili betri ipate kujazwa. Alijua vizuri kwamba mota ya winchi haikuundwa kwa kazi ya mfululizo: haina feni, imefungiwa ndani ya kopo la chuma ili maji yasipenye, na joto linalozaliwa kwenye koili zake, yaani nyaya zilizosukwa ndani yake, hutoka taratibu mno.

Kilichonishangaza ni kwamba taa za mbele, ambazo Mzee alikuwa ameziwasha makusudi ili zimwonyeshe hali ya betri, hazikufifia kwa kiasi cha kutisha, ilhali mlio wa mota ulikuwa ukishuka kila kipindi, kutoka mvumo hadi kuguguma. Kama betri ingekuwa imechoka, taa zingelikuwa za kwanza kulalamika. Sikupata nafasi ya kulitafakari hilo, kwa maana moshi mwembamba ulianza kuchuruzika kutoka mwisho wa kopo la mota, ukifuatwa na harufu kali ya vanishi inayoungua, harufu ambayo mtu akiinusa mara moja hahitaji kuelezwa tena ni ya nini.

“Mzee, achia, inaungua!” nilipaza sauti.

“Nimeshaachia. Wewe kimbilia betri.”

Nilifungua boneti na kulegeza waya wa hasi bila kumuuliza sababu, nayo niliielewa baadaye. Mota inapokunywa mamia ya ampia, vigusio vya solenoidi, swichi inayopeleka umeme kwenye mota, vinaweza kuyeyuka na kushikana, na vikishikana umeme utaendelea kwenda hata kama hakuna kidole kwenye kitufe. Safari hii havikuwa vimeshikana. Moshi ulipokwisha tulirudisha waya na kujaribu mara moja tu: solenoidi ilitoa mlio wake wa kawaida, lakini mota haikutikisika.

Sasa tulikuwa na tatizo ambalo watu wengi hawalifikirii mpaka liwakute. Mota ilikuwa imekufa huku kamba imekaza, imeshikiliwa na breki iliyo ndani ya ngoma, na breki hiyo haijali kama mota ni nzima au mbovu. Klachi ya kuachia ngoma haifunguliwi kamba ikiwa na mzigo. Ikikataa, mtu hushawishika kuipiga nyundo, na ikikubali, ngoma huanza kuzunguka bila kizuizi na gari kurudi nyuma wakati wowote. Hatukuweza kwenda mbele, hatukuweza kurudi nyuma, na hatukuweza hata kuikunja kamba tukasubiri msaada.

Mzee alitandika blanketi zito juu ya kamba ili ikikatika isirushwe mbali, akatoa winchi ya mkono iliyokuwa chini ya viti, akaifunga kwenye mti uleule na ndoano yake akaipachika kwenye pete ya kuvutia iliyo kwenye chasisi ya gari. Tulipokezana mpini. Kila msukumo ulisogeza gari kidogo sana, pengine upana wa kidole, lakini hatimaye mzigo wote ulihamia kwenye winchi ya mkono na kamba ya umeme ikalegea. Hapo ndipo klachi ilipofunguka kwa mkono, bila kulazimishwa. Tuliendelea na mpini huohuo hadi magurudumu ya mbele yalipokanyaga ardhi ngumu, kazi iliyotuchukua sehemu kubwa ya mchana na ambayo sina hamu ya kuisimulia kwa urefu.

Fundi tuliyempelekea gari alikisia maji kabla hata hajashika spana, na mimi nilikubaliana naye, kwa kuwa winchi nyingi zilizofungwa chini ya bampa hufa hivyo: maji huingia, kutu hushika, kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka hukwama ndani ya nyumba zake, na umeme wote hupita kwenye zile chache zilizobaki. Alifungua bolti mbili ndefu zinazoshika kopo na kuichomoa mota. Ndani palikuwa pakavu kabisa. Kaboni zote nne ziliteleza bila kukwama na bado zilikuwa ndefu. Hata hivyo komyuteta, yaani duara la vipande vya shaba linaloguswa na kaboni, ilikuwa nyeusi, na lehemu iliyounganisha vipande hivyo na nyaya za amecha, ile sehemu inayozunguka, ilikuwa imeyeyuka na kurushwa ukutani mwa kopo kama matone ya mshumaa.

Akaondoa vipande vya shaba vinavyounganisha taminali za nje, akaweka ncha moja ya mita kwenye F1, taminali ya koili zilizo ukutani mwa kopo, na nyingine kwenye kopo lenyewe. Mita ikalia. Koili za ukutani hazipaswi kugusana na kopo hata kidogo, kwa hiyo mlio ule ulimaanisha kwamba kihami, yaani tabaka linalozuia umeme kuvuja, kimeteketea. Nilimuuliza kama inafaa kusukwa upya. Akajibu kwamba koili za ukutani angezisuka bila shida, lakini amecha ingehitaji kusukwa, kupakwa vanishi, kuokwa na kusawazishwa, na kwa kifaa kinachozunguka kwa kasi namna ile asingetaka kuweka jina lake kwenye kazi ya nusu nusu. Tukanunua mota nyingine, baada ya kuhakikisha kwamba umbo la ncha ya shafti, nafasi za bolti na mpangilio wa taminali vinalingana na ile ya zamani.

Wengi wangeishia hapo, na mota ya pili ingeungua vilevile. Mimi sikuweza kuzisahau zile taa. Nilipomsimulia, fundi aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaenda kuchukua mita ya kubana waya, ambayo hupima ampia zinazopita ndani yake. Tulifunga kamba kwenye gari jingine lililokuwa limeshikwa breki kwenye mteremko ili winchi ipate mzigo wa kweli, akaweka ncha moja ya mita ya volti kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye taminali ya hasi ya mota. Mzee alipobonyeza kitufe, ampia zilipanda hadi 250, na kati ya sehemu hizo mbili, ambazo kwa kawaida hazipaswi kupoteza hata nusu ya volti, zilipotea volti 2 nzima. Ukizidisha, ni wati 500 zilizokuwa zikigeuka joto kabla umeme haujakamilisha safari yake. Aliyefunga winchi ile miaka ya nyuma hakuupeleka waya wa hasi hadi kwenye betri. Aliuishilizia kwenye chasisi, juu ya rangi, kwa bolti moja, na chini ya bolti hiyo tulikuta kutu na unga wa kijani.

Kwa nini jambo hilo liue mota badala ya kuifanya dhaifu tu? Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii hutokana na ampia, na tope lilidai ampia zilezile iwe volti ni nyingi au ni chache. Volti zikipungua, kinachopungua ni kasi. Kwa hiyo Mzee alipovuta kwa muda uliotakiwa, koili zilipata joto lote la muda huo huku gari likisogea sehemu ndogo tu ya umbali lililostahili kusogea, na ilibidi arudie tena na tena, joto la kipindi kimoja likikuta la kilichotangulia halijatoka. Mapumziko ambayo yangeitosha mota yenye umeme kamili hayakuitosha ile.

Fundi alikata waya mpya wa milimita 50 za mraba, akaupitisha moja kwa moja kutoka hasi ya betri hadi kwenye mota, akabana ncha zake kwa mashine na kuzifunika kwa mpira usiopitisha maji. Solenoidi alizibadilisha pia, kwa kuwa vigusio vyake vilikuwa na mashimo. Tulipopima tena kwa mzigo uleule, hasara upande wa hasi ilikuwa chini ya robo ya volti, na ngoma ilizunguka kwa kasi ambayo Mzee alisema hakuwahi kuiona katika winchi ile tangu siku aliyolikabidhiwa gari.