Dodoma hadi Dar: anza kuhesabu mlangoni kwako

Nimechoka kuambiwa Dodoma na Dar ni saa moja kwa ndege. Saa hiyo ipo, siikatai: angani ni kama kilomita 400, kwa barabara ya Morogoro ni 450 hivi. Ila saa hiyo inaanza ndege inaposogea na inaisha inapoegeshwa. Mengine yote ni juu yako.

Mama alikuwa na miadi ya macho Dar, saa 4 asubuhi. Shemeji, mtu wa safari za kikazi, akanihakikishia: "Pandeni ndege ya kwanza, shemeji. Chai mtakunywa Dodoma, saa 3 mko hospitali." Nikanunua tiketi, laki mbili na kitu kila mmoja, kwenda tu. Uwanja wetu uko mjini, alfajiri tukawa tumeshafika, mizigo imepimwa. Ndege hakuna. Saa 1 ikapita, saa 2 ikapita, Mama kakumbatia bahasha yake ya vipimo, hataki hata niishike. Nikamfuata kijana wa kaunta. Akanieleza jambo ambalo hakuna mshauri aliyenitajia: ndege yetu ya asubuhi hailali Dodoma. Inatoka Dar, inashusha, inageuza. Dar kukiwa na mvua au hitilafu, ninyi mnasubiri huku jua likiwawakia.

Safari yenyewe haikufika hata saa nzima. Kisha kungoja begi, kisha teksi, kisha barabara ya Nyerere. Karibu na Tazara foleni ilikaza mpaka dereva akazima injini. Tunafika hospitali, adhuhuri imepita, daktari kaondoka, tukapangiwa siku nyingine.

Safari iliyofuata sikumuuliza mtu. Nilichukua karatasi nikahesabu kinyumenyume: kutoka muda wa daktari, nikatoa foleni, teksi, mizigo, hadi mlangoni kwetu. SGR, treni ya umeme, ikashinda. Treni ya haraka ni saa tatu na nusu hivi, ya kawaida inakaribia nne, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, nauli ya ile ya kawaida thelathini na kitu elfu. Kubwa zaidi, inakushusha mjini, si kule Kipawa kwenye uwanja wa ndege.

Kwenye milima ya Kilosa treni ikazama handakini, dirisha likawa jeusi ghafla. Mama akanikamata mkono. "Mwanangu, kumekuchwa?"

"Ni handaki, Mama. Hesabu mpaka kumi."

Akahesabu kwa Kigogo, kwa sauti, mwanga ukarudi. Handaki lililofuata alilisubiri kwa hamu. Miadi tuliiwahi, na muda wa kula ukabaki.

Beba kitambulisho, na uwahi stesheni, geti halimsubiri mtu. Basi linakula saa saba, nane, kwa vile vibao vya spidi 50 vya Kibaigwa, Gairo na kuendelea, na mwisho linakuacha Mbezi, pembezoni mwa Dar. Na safari za kutumia uwanja mpya wa ndege wa Dodoma, Msalato, zina hesabu yake: uko kilomita 12 hivi nje ya mji, njia ya Arusha, kwa hiyo hata upande wa nyumbani kuna teksi ya kuhesabu.

Ndege naichagua nikiwa naunganisha kwenda Mtwara au Zanzibar. Hapo sitoki nje ya uwanja wa Dar, na foleni ya Nyerere hainihusu.