Kiti cha Nyuma cha Piper Cub

Kwenye Piper J-3 Cub, ndege ndogo ya viti viwili, rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Akikaa mbele, pua inakuwa nzito mno, kwa sababu injini na tangi la mafuta tayari viko huko. Kwa hiyo tangu somo la kwanza mwanafunzi huwekwa nyuma na mwalimu mbele, na geji zote, ambazo hata hivyo ni chache, hujificha nyuma ya mgongo wa mwalimu. Mimi nilitoka kwenye Cessna 172, ndege niliyoizoea tangu nipate leseni ya urubani binafsi: gurudumu la pua, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), redio, kioo kipana. Nilipojifunga mkanda ndani ya Cub nikaangalia mbele, niliona shingo ya mwalimu na vipande viwili vya anga, kimoja kila upande.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeizunguka kuikagua. Bawa ni kitambaa kilichovutwa juu ya mbavu na kupakwa rangi ya manjano. Ukikigonga kwa kidole, kinalia. Geji ya mafuta ndiyo iliyonipendeza kuliko vyote. Ndani ya tangi kuna kizibo kinachoelea, kimechomekwa waya unaotokeza nje kupitia kifuniko, mbele ya kioo. Waya ukiwa mrefu, mafuta yapo. Ukizama, tafuta pa kutua. Tangi linabeba galoni 12 za Kimarekani, kama lita 45, na injini ya Continental yenye nguvu za farasi 65 hunywa karibu galoni 4 kwa saa. Cub hizi zilitengenezwa kati ya mwaka 1938 na 1947, karibu 20,000, na marubani wengi wa kizazi kile walijifunzia humo. Nilivyoitazama nilielewa kwa nini: kila kitu kinachofanya kazi unakiona kikifanya kazi.

Haina staata. Huwashwa kwa mkono. Mkia ulifungwa kamba, vigingi vikawekwa kwenye magurudumu, nami nikakaa ndani nimekanyaga breki kwa visigino, maana pedali za breki ziko chini kabisa, karibu na sakafu. Mwalimu akasimama mbele ya rafadha.

“Swichi imezimwa?”

“Imezimwa, mwalimu.”

Akaizungusha rafadha polepole, mara kadhaa, kuvuta mafuta ndani ya injini. “Washa!”

“Imewashwa!”

Akaivuta chini kwa nguvu, mwili wake ukirudi nyuma katika mwendo huohuo, na injini ikashika. Kila neno pale hurudiwa kwa sauti, kwa sababu mtu amesimama mbele ya kitu kinachoweza kumkata mkono. Sijawahi kuona utaratibu mfupi unaofuatwa kwa heshima kubwa namna ile.

Ikiwa chini, pua ya Cub imeelekea juu na njia huioni. Unapinda kushoto, unachungulia. Unapinda kulia, unachungulia. Hivyo hivyo hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Na hapa ndipo ilipo tofauti yenyewe na ndege niliyoizoea. Kwenye ndege ya gurudumu la pua, kitovu cha uzito kiko mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo ikigusa ardhi imepinda kidogo, uzito wenyewe huinyoosha. Kwenye ndege ya gurudumu la mkia, kama Cub, kitovu kiko nyuma ya magurudumu makuu. Ikianza kupinda, uzito unataka kupita mbele, na kila unavyochelewa kuizuia ndivyo inavyozidi, mpaka igeuke nyuma-mbele na pengine bawa liburuzike chini. Ni sawa na kuisukuma baiskeli kinyumenyume: inakwenda sawa pale tu unapoishughulikia bila kuacha. Ndiyo maana leseni peke yake haitoshi. Marekani, kwa mfano, huruhusiwi kuwa rubani kiongozi wa ndege ya namna hii bila saini ya mwalimu, isipokuwa kama ulishakuwa rubani kiongozi wa ndege kama hiyo kabla ya Aprili 15, 1991. Naona ni kanuni ya haki kabisa.

Nikaongeza moto, yaani nguvu ya injini, taratibu. Fimbo ya kuongozea nyuma, kisha mbele, mkia ukainuka, na papo hapo pua ikavuta kushoto. Rafadha inayozunguka kwa kasi haikubali kuinamishwa kimyakimya. Ukiiinamisha, nguvu inatokea ubavuni.

“Mguu wa kulia,” mwalimu akasema. “Usiuache, mwanangu.”

Njia ikaonekana kwa mara ya kwanza juu ya bega lake, na muda si muda mtetemo wa magurudumu ukakoma. Tulikuwa hewani.

Tulifuata mto kuelekea kiwanja cha nyasi, mwendo wa maili 75 kwa saa, kama kilometa 120. Mlango wa Cub uko kulia na umegawanyika sehemu mbili: ya juu unaibana kwenye bawa, ya chini unaiacha ining’inie nje. Tuliufungua. Hakuna kioo kati yako na mto, wala kati yako na harufu ya majani yaliyolowa. Mwalimu akanitaka nilaze fimbo kushoto bila kugusa pedali za usukani wa mkia. Bawa likalala kushoto, pua ikaenda kulia. Cessna nayo hufanya hivyo, ila imetengenezwa kulipunguza sana jambo hilo hata miguu ikasinzia. Cub inakuonyesha lote. Basi tukalala huku na huku, kushoto, kulia, pua imeelekezwa kwenye mti mmoja ng’ambo ya mto, mpaka fimbo na pedali zikaanza kwenda pamoja bila mimi kuziamuru.

Kisha akauliza, “Tunakwenda mwendo gani?”

Geji sikuiona. Akasema nisiitafute, nisikilize.

Nikapunguza moto na kuivuta fimbo kidogo kidogo. Mluzi wa upepo kwenye nguzo za bawa ukashuka, kisha ukawa pumzi tu. Fimbo ikalegea mkononi, ikawa inasogea mbali bila ndege kujibu. Halafu nikaona kitu ambacho hakuna kipande cha umeme kingenionyesha vizuri zaidi: ile nusu ya chini ya mlango, iliyokuwa ikining’inia, ikaanza kupanda yenyewe, pole pole, ikielea. Hiyo ni Cub inayokuambia kwamba bawa liko karibu kuachia, yaani kupoteza nguvu ya kuibeba ndege. Muda kidogo baadaye likaachia, upande wa kushoto kwanza. Fimbo mbele, mguu wa kulia, moto. Mlango ukashuka, mluzi ukarudi. Tuliirudia kazi ile hadi nikaweza kukisia mwendo kwa sikio, na mwalimu, mwenye geji mbele yake, akawa anaitikia kwa kichwa.

Cub haina flapu. Ukiwa juu mno wakati wa kutua, unalaza bawa upande mmoja na kukanyaga pedali ya upande wa pili, ndege inashuka ubavu-ubavu. Kwa bahati njema, ukifanya hivyo njia inatokeza pembeni mwa shingo ya mwalimu, ukaiona barabara. Nikavuta joto la kabureta, la kuzuia barafu ndani yake, nikashusha moto, tukateleza hadi juu ya nyasi, nikainyoosha.

“Usitue,” akasema. “Izuie isitue.”

Nikaizuia. Fimbo nyuma, nyuma tena, hadi ikagota tumboni, macho yangu kwenye kingo zote mbili za nyasi kwa pamoja. Magurudumu matatu yakagusa kwa mkupuo, na hapo ndipo miguu ilipoanza kazi, hatua ndogondogo za haraka, mpaka ndege iliposimama kabisa.

Tulirudi kwa njia ileile ya mto, upepo ukiwa nyuma yetu. Mwalimu aliandika somo kwenye kitabu changu cha urubani lakini saini ya kuniruhusu hakuitia. Kumebaki kutua kwa magurudumu makuu mkia ukiwa juu, na upepo wa ubavu. Ameniambia nisije asubuhi tena. Nije alasiri, upepo unapoanza kuvuma kukata njia.