Karatasi za babu na masika ya Unguja

Babu alituachia madaftari 11 na hati za mashamba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zote ndani ya kasha la msaji nyumbani kwetu Mji Mkongwe. Nilipokabidhiwa, nilizitoa mara moja nikazipanga rafuni, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Niliamini nimeziokoa.

Baada ya miezi mitatu kingo zilikuwa na mawimbi na jalada moja limepinda. Nikanunua kipima unyevu. Mchana, kiyoyozi kikiwaka, kilisoma asilimia 55. Usiku tunakizima kwa ajili ya bili ya umeme, na alfajiri za masika kilifika 84. Kumbe kila siku karatasi zilikuwa zikinywa unyevu na kuutema. Uzi wa karatasi ukinywa hunenepa, na hewa hufika kingoni kabla ya katikati ya ukurasa. Kingo hutanuka, katikati bado, ndipo ukurasa unapojikunja. Kile kiyoyozi cha nusu siku ndicho kilichoniumizia karatasi.

Daftari moja lilikuwa limeanza ukungu, maana unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku kadhaa, ukungu huota. Nililianika kivulini penye upepo, kamwe si juani, kisha nikavaa barakoa na kulifuta nje kwa brashi laini.

Mama alinitazama nikihangaika, akauliza: “Mwanangu, kwani kashani zilikuwa na kosa gani?”

Swali lile lilinikaa. Ubao mnene hupitisha unyevu polepole, na karatasi zilizobanana hukingana zenyewe. Kosa lilikuwa mahali: kasha liliegemea ukuta wa nje, wa mawe na chokaa, unaofyonza mvua. Nikalipandisha ghorofani, mbali na ukuta kwa shubiri moja, juu ya vipande vya mbao. Ubao nao una asidi, kwa hiyo kila daftari nimelifunga kwa mrekani, kitambaa cha pamba, uliofuliwa ukatoka wanga wote. Mifuko ya plastiki nimeikataa, kwa kuwa unyevu ukishaingia humo hautoki. Nimetia vifuko vya silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, na vikishiba navikausha.

Masika haya chumba kimepanda hadi 88. Ndani ya kasha, kipima hakijavuka 64.

Madaftari mawili bado yana mawimbi. Wengi wamenishauri niyapige pasi, nimekataa: wino wa babu ukiguswa na mvuke unachuja.